Nukta Zinakwenda Wapi?

Saluni, 4 Februari

Kwa Doto, mdogo wangu,

Najua neno "mdogo" hulipendi. Kilichotutenganisha ni dakika chache tu, lakini mkubwa ni mkubwa.

Huku hatujambo. Mama hajambo isipokuwa goti, ambalo limegeuka mtabiri wa hali ya hewa. Likimuuma anatangaza mvua, na mvua isiponyesha anasema imenyesha kwingine. Saluni inakwenda. Draya moja imekufa, ya pili inanguruma kama ina kinyongo na mtu, lakini wateja wameizoea. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Barua haina kitufe cha kukatia.

Sasa neno lenyewe. Mwalimu Mkuu wa shule yetu ya zamani, yuleyule mama wa filimbi shingoni, alikuja kusukwa. Nikiwa nimemshika kichwa, akaniambia kwamba tarehe ishirini Machi wanataka Daktari aje awahutubie wasichana habari za sayansi. Nikauliza, Daktari gani? "Pacha wako! Mama yenu ameshakubali." Jioni nikamuuliza Mama amekubali kwa idhini ya nani. Akasema kwa idhini ya uchungu wa kuzaa. Ameshakushonea na nguo, kwa vipimo vyangu.

Doto, miaka miwili uko ughaibuni, hujatia mguu nyumbani. Njoo. Na kama huji, basi angalau niandikie unafanya kazi gani hasa huko, kwa lugha ya watu. Mama anawaambia majirani kwamba unatibu damu. Juzi mzee wa duka la vyuma kaniletea swali la tumbo lake nikufikishie.

Dada yako mkubwa,
Kurwa


Chumbani, 25 Februari

Kwa Kurwa,

Kutoka wa kwanza si ukubwa. Anayefungua mlango si lazima awe mwenye nyumba.

Nimefurahi kusikia hamjambo. Mimi mzima. Bado nakaa ghorofani, juu ya duka la dobi. Mashine zake zikianza kuzunguka, vikombe vyangu vinatembea mezani. Ofisini tuko watatu kwa ubao mmoja.

Siwezi kuja. Kazi imebana. Mwombe radhi Mwalimu Mkuu kwa niaba yangu. Na mwambie Mama aache kuniita Daktari mbele za watu. Si adabu kujikweza.

Kazi yangu ni hii, soma polepole. Mwili umejengwa kwa protini, na protini ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kila shanga inaitwa asidi amino, nazo ziko aina ishirini. Maagizo ya kuzitunga yameandikwa ndani ya seli kwa herufi nne tu: A, C, G na U. Kila neno lina herufi tatu. Nne mara nne mara nne, unapata maneno sitini na manne. Maneno sitini na manne kwa shanga ishirini, maana yake shanga nyingi zina majina zaidi ya moja, kama watu wa mtaani kwetu. Maneno matatu hayataji shanga yoyote. Hayo ni nukta: yanasema acha, umefika mwisho.

Sasa tazama uzuri wake. Chukua herufi mbili za mwanzo za kila neno. Unapata vikundi kumi na sita. Katika vikundi vinane, herufi ya tatu ni pambo tu: weka yoyote, shanga ni ileile. Katika vinane vilivyobaki, herufi ya tatu ina kauli. Nane kwa nane! Halafu badilisha herufi: U iwe G na G iwe U, A iwe C na C iwe A. Vikundi vinane vya kwanza vyote vinageuka kuwa vile vya pili, na vya pili kuwa vya kwanza, bila hata kimoja kupotea njia. Huo ndio ulinganifu. Uligunduliwa kabla hatujazaliwa. Mimi natafuta hesabu iliyolala chini yake.

Inatosha. Mzee wa duka la vyuma aende hospitali.

Doto


Saluni, 24 Machi

Kwa Doto mpenzi, pacha wangu mwenye akili nyingi,

Salamu tele. Mama hajambo, goti halijambo, draya haijambo. Kila mtu hajambo kupita kiasi.

Mambo ya shule yalikwisha salama. Radhi zako nilizifikisha, kwa namna yake. Tuyaache hayo.

Nina maswali madogo, si yangu, ni ya Mama. Kwanza, Mama anauliza: ukibadilisha zile herufi, zile nukta tatu zinakwenda wapi? Zinabaki kuwa nukta? Amelishikilia sana hilo. Pili, hizo asidi zinaunguza? Tatu, siku hizi unavaa miwani? Kama huvai, unaweza kuanza?

Halafu jihadhari, matapeli wamezidi. Ukipata barua ya mwalimu wa hesabu usiyemjua, mwenye mwandiko mzuri uliolala kidogo, usiifungue. Ichome.

Nakupenda. Sijui kwa nini nimeandika hivyo, ila nakupenda.

Kurwa


Ofisini, 19 Aprili

Kurwa,

Mama hajambo? Goti halijambo? Vizuri. Tumeshasalimiana.

Nimeifungua.

Nanukuu: "Daktari mheshimiwa, tangu ulipotuhutubia, wasichana wangu wameacha kuchora mioyo kwenye madaftari, wanachora majedwali ya vyumba kumi na sita." Nimehutubia? Mimi? Nikiwa nimekaa huku juu ya dobi? Anaendelea: "Uliahidi kunijibu kwa barua, kwa kuwa muda ulikwisha. Nukta zinakwenda wapi?" Na mwisho kabisa, kwa maandishi madogo kama mtu anayejificha nyuma ya karatasi: "Unisamehe kwa hili, lakini tangu ulipocheka pale ubaoni, nasahihisha madaftari vibaya."

Mimi sicheki ubaoni, Kurwa. Sijawahi kucheka ubaoni tangu nizaliwe!

Umesimama mbele ya shule nzima kwa jina langu, ukafundisha kazi yangu, na umenipatia mchumba nisiyemjua sura. Nataka maelezo. Na hili la nukta, nani amekutuma? Maswali yamejaa duniani, kwa nini hilo? Kuna mtu wa huku amekuandikia? Sisemi kwa nini nauliza. Nijibu tu.

Doto


Saluni, 10 Mei

Kwa Doto,

Mama anakusalimu na anasema ulihutubia vizuri sana.

Kaa kitako nikueleze. Barua yako ilifika siku moja kabla ya hotuba. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshatundika kitambaa langoni: KARIBU DAKTARI. Nilikwenda pale kuomba radhi, naapa. Ile nguo niliivaa kwa sababu ilikuwa mpya tu. Miwani niliazima kwa mteja kwa sababu jua lilikuwa kali. Langoni Mwalimu Mkuu akanishika mkono, "Daktari! Karibu!" Nikafungua mdomo niseme mimi ni Kurwa. Ikatoka "Ahsante."

Baada ya hapo, maji yalishamwagika. Barua yako nilikuwa nimeisoma mara nyingi huku nasuka, hata wateja wakaanza kunisahihisha. Kwa hiyo nilianza vizuri: shanga, uzi, herufi nne. Kisha nikasema asidi amino ziko ishirini, na msiziguse kwa mikono mitupu. Msichana mmoja akanyoosha kidole: "Lakini Daktari, si umesema mikono yenyewe imejengwa kwa hizohizo?" Nikamwambia, "Ndiyo maana!" Wakaandika, Doto. Ukumbi mzima wakaandika.

Nikaona kusema kutaniponza, bora kutenda. Nikawagawa safu nne: A, C, G, U. Nikapaza sauti: "U nendeni kwa G! G nendeni kwa U! A na C badilishaneni!" Hukuniambia kwamba herufi zikiwa wasichana wa miaka kumi na mitano zinakimbia. Madawati yakaanguka. C wawili wakaishia dirishani. Mwalimu Mkuu akapuliza filimbi mpaka ikapasuka. Lakini vumbi lilipotua, kila mmoja pale ndani alikuwa anajua nani amebadilishana na nani.

Hapo ndipo akasimama mwalimu wa hesabu. Wasichana wanamwita Kipeo, kwa sababu ana kichwa kidogo juu ya mabega mapana, kama namba ndogo iliyokaa juu ya namba kubwa. Akauliza kwa upole kabisa: "Daktari, na nukta zinakwenda wapi?" Nikacheka. Ndicho kicheko hicho alichokuandikia. Sikucheka kwa furaha, nilicheka kama mtu anayetafuta mlango. Nikasema nitamjibu kwa barua, nikampa anwani yako.

Mama alikaa mstari wa mbele, analia kwa fahari. Macho yake unayajua, na miwani yake haivai kwa kuwa inamzeesha. Akanikumbatia, akasema nimekonda sana ughaibuni. Mchana ule tulikuwa tumekula sahani moja. Nikamwambia naiwahi ndege, nikapita uchochoroni, nikabadili nguo saluni. Aliporudi nyumbani akanisimulia hotuba yote, neno kwa neno, nami nina chaki sikioni.

Sasa linaloniuma. Huyu Kipeo huja saluni. Hana nywele za kusuka. Anakaa chini ya draya iliyokufa na kuniuliza habari za Daktari: anapenda nini, anarudi lini, alikuwaje utotoni. Ni mtu mzuri, Doto. Anasikiliza mpaka mwisho. Nimesimama nasuka huku nasifiwa usoni kwa jina lako. Naona wivu, na ninayemwonea wivu ni mimi.

Hakuna aliyenituma. Nukta kazileta yeye mwenyewe. Tafadhali, mjibu hesabu. Moyo niachie mimi. Kwani hizo nukta zina nini?

Kurwa


Chumbani, 2 Juni

Kwa Kurwa,

Msalimie Mama. Hapa kuna joto, na mashine za dobi hazipumziki.

Nimeanza barua hii mara kadhaa. Basi nitasema haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Mimi si Daktari. Tasnifu yangu ilirudishwa Oktoba. Niliandika kurasa mia mbili kwamba ule ulinganifu ni kamili, kwamba jedwali zima linafuata hesabu moja safi. Mtahini mmoja akaandika pembeni kwa penseli: "Na nukta?" Basi, hayo tu. Kurasa mia mbili, jibu maneno mawili.

Nukta haziendi kwenye nukta, Kurwa. Zile tatu ni UAA, UAG na UGA. Ukizibadilisha, UAA inakuwa GCC na UAG inakuwa GCU, na yote mawili ni majina ya shanga moja, alanini. UGA inakuwa GUC, shanga iitwayo valini. Vikundi vinabadilishana kama nilivyokueleza, hilo ni kweli tupu. Lakini maana haifuati. Nilikuwa nimeliona tangu zamani, nikalifunika kwa maneno marefu. Ndiyo maana sikuja, na ndiyo maana sipokei simu. Ningewezaje kusimama chini ya kitambaa kile? Wewe umejifanya Daktari asiyekuwepo. Umeniiga siku moja. Mimi najiiga tangu mwaka jana.

Kuna baya zaidi. Barua yako ya Mei ilipofika nilikasirika kabla sijaimaliza. Nikamwandikia Kipeo yote: wewe ni nani, mimi si nani, na nukta zinakwenda wapi. Nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta. Kisha nikasoma ukurasa wako wa mwisho, ule wa wivu. Nikarudi mbio na rula kujaribu kuitoa. Rula ikazama, mkono ukakwama. Mama wa dobi ndiye aliyekuja kunipaka sabuni mpaka nikatoka, watu wamejipanga wanatazama.

Barua yake na hii yako huenda zinasafiri pamoja. Mfikie kabla haijamfikia. Nisamehe.

Doto


Saluni, 29 Juni

Kwa Doto,

Mama hajambo. Mimi sijui kama sijambo.

Zilisafiri pamoja, zikashuka pamoja, zikagawiwa asubuhi moja. Nilisoma yako nimesimama. Nikamwacha mteja nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, nikakimbia mpaka shuleni na kitana mkononi. Nikamkuta Kipeo peke yake chumba cha walimu. Karatasi ilikuwa imefunguliwa juu ya meza.

"Nimekuja kukwambia jambo," nikasema, nahema.

"Nimeshaambiwa."

"Yote?"

"Mpaka nukta." Akaikunja barua taratibu. "Kwa hiyo ile ya asidi na mikono haikuwa mzaha?"

"Nilikuwa sijui."

"Na siku zote zile pale saluni, uliniacha niseme."

Safari hii sikucheka. Kengele ikalia, akachukua chaki zake akaenda darasani. Mpaka leo hajaja saluni. Kiti chini ya draya wanakalia wateja, nami nawachukia bila sababu.

Nikaona siwezi kurudi nusunusu, nikaingia kwa Mwalimu Mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuta filimbi shingoni, akakumbuka ilipasuka kwa ajili yangu. Akaniamuru nisimame mbele ya wasichana niseme jina langu na kazi yangu, kisha nitafute fundi wa madawati. Nilisimama. Yule msichana wa kidole akauliza, "Kwa hiyo asidi haziunguzi?" Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nimemwahidi nitauliza mwenyewe.

Mama ndiye aliyenishinda. Nilimwambia wazi: Mama, aliyehutubia ni mimi. Akanitazama kwa huruma. "Kurwa mwanangu, wivu si mzuri. Mwenzako amesoma, nawe una kazi yako ya heshima." Nikamwonyesha nguo, nikamwonyesha miwani ya kuazima. Akasema, "Mimi nimewazaa, nitashindwa kuwajua?" Amekwenda kuniombea.

Sasa wewe. Hili la udaktari sijamwambia, ni lako. Lakini nina hasira nawe kuliko unavyodhani, wala si kwa sababu ya ile barua. Tangu Oktoba! Draya yangu ikifa nakuandikia. Wewe umerudishiwa kazi ya maisha yako, ukakaa nayo peke yako juu ya dobi, unatazama vikombe vikitembea? Nani alikwambia pacha ni wa picha tu?

Pokea simu.

Kurwa


Ofisini, 21 Agosti

Kwa Kurwa, dada yangu,

Ndiyo, nimeandika dada. Usilizungushe mtaani.

Ahsante kwa kunipigia kila Jumapili, hata zile Jumapili ambazo ulinikaripia tu. Mwambie yule msichana kwamba haziunguzi. Zimo hata kwenye yai analokula.

Tasnifu nimeiandika upya. Nimefuta sura mbili nilizokuwa nazipenda kuliko nilivyopenda watu. Sasa tasnifu inaonyesha ulinganifu unafika wapi na unavunjikia wapi. Wiki iliyopita niliitwa kuitetea. Mtahini wa penseli alikuwepo, kumbe ni mzee mdogo mwenye sauti ya kuku. Akafungua ukurasa wa nukta, akauliza: "Kwa nini inavunjikia hapa?"

Nilikuwa na maneno marefu tayari mdomoni, nakwambia, yamejipanga foleni. Nikayameza. Nikasema, "Sijui."

Mzee akafunga kurasa, akasema, "Afadhali." Wakanitoa nje, wakaniita ndani, wakanipa mkono wote.

Nikampigia Mama papo hapo. "Mama, nimekuwa Daktari." Akauliza, "Tena?"

Nakuja mwezi wa kumi. Halafu Kipeo ameniandikia mara moja, hesabu tupu, ukurasa mzima. Ana wazo kuhusu valini ambalo si sahihi ila ni zuri. Mwishoni ameuliza saluni inafungwa saa ngapi. Hilo sikulijibu. Uliniambia moyo nikuachie.

Doto


Saluni, 14 Septemba

Kwa Doto, Daktari wa kweli,

Mama mzima, goti linatabiri, na mvua kwa mara ya kwanza imetii.

Alikuja. Nilikuwa nafagia nywele, akasimama mlangoni mpaka nikamwona. Akasema alikuwa amekasirika, na sasa amechoka kukasirika, na wasichana wamemwambia anafundisha vibaya. Nikamwomba radhi, ya kweli safari hii, kwa jina langu. Akaninyang'anya ufagio akafagia mwenyewe. Hajui kufagia. Nilimwacha.

Jumapili akaja nyumbani, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mama akamkaribisha sebuleni, akavaa miwani, jambo ambalo halifanyi hata akiwa anashona. Mimi nilikuwa jikoni, nasikiliza na kuchungulia kwenye ufa wa mlango. Kipeo akasema amekuja kuomba ruhusa ya kumchumbia binti yake.

"Yupi?" Mama akauliza. "Ninao wawili, na ndio haohao watu wanaowasema wakisema fulani na fulani wanafanana kama kurwa na doto. Unamtaka huyu wa hapa au Daktari aliyewahutubia?"

Akisema aliyewahutubia, Mama atakupa wewe. Akisema wa hapa, Mama atadhani amekukosa wewe akaona achukue aliyebaki.

Kipeo akafikiri, kama anavyofikiri ubaoni, bila haraka. Akasema, "Namtaka yule niliyemuuliza swali, akashindwa kunijibu."

Mama akavua miwani. Kisha nikamsikia anacheka peke yake.

"Mbona hukusema mapema?" akamwambia. "Basi huyo wa ubaoni ni Kurwa. Doto angekujibu tu, hata kama hajui."

Wako,
Kurwa